Mtaa kujiandalia mpango wake wa maendeleo: tuanzie wapi, na mpango huo una nguvu gani?

Mjumbe wa Mtaa, Mtwara

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Naandika kutoka Manispaa ya Mtwara Mikindani, katika mtaa mmoja wa pembezoni ambao hadi miaka ya karibuni ulikuwa mikorosho, minazi na nyumba chache zilizotawanyika. Habari za gesi asilia zilipopamba moto na bei ya ardhi kupanda, wenye mashamba walianza kukata viwanja na kuviuza kimoja kimoja, kila muuzaji akipima kwa hatua zake na kuandikishana na mnunuzi mbele ya mashahidi, na hakuna aliyesimama kuuliza maji yatapita wapi au gari litaingilia wapi. Leo mtaa umejaa nyumba nzuri za tofali, zenye bati za rangi na vyoo vya ndani, lakini nyingi kati yake haziwezi kufikiwa na gari la kunyonya majitaka. Hivi karibuni tulimzika jirani yetu, mama mtu mzima. Gari lililoleta mwili wake liliishia chini ya mwembe ulioko mwanzo wa mtaa, na vijana waliobeba jeneza walilazimika kuliinua juu ya vichwa vyao na kupita ubavu ubavu kati ya kuta mbili, ambazo kila moja imejengwa na mtu anayeamini kwa dhati kuwa yuko ndani ya mpaka wake.

Masika nayo ni shida nyingine. Mkondo wa zamani uliokuwa ukichukua maji kutoka upande wa juu na kuyafikisha kwenye mikoko umejengewa katikati, kwa hiyo maji yanapoteremka yanatafuta milango ya watu. Uwanja mmoja tu ndio uliobaki ambao watoto wanachezea mpira, nao ni wa familia moja ambayo imeanza kuonyesha wanunuzi mipaka yake.

Nimeingia katika kamati ya mtaa baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, na wenzangu tumekubaliana kuwa wakazi wenyewe waandae mpango wa maendeleo wa mtaa wa miaka mitano, badala ya kusubiri kila mwaka kuambiwa tumepangiwa nini. Mwenyekiti anaunga mkono. Mtu mmoja wa ofisini ametuambia kuwa mipango ni kazi ya halmashauri na sisi kazi yetu ni utekelezaji. Wazee nao wanatukumbusha kuwa waliwahi kuitwa, wakaulizwa mahitaji yao, yakaandikwa kwenye makaratasi makubwa yaliyobandikwa ukutani, kisha makaratasi yakaondoka na wageni. Naomba mnisaidie: je, mtaa una haki ya kujiandalia mpango? Tuanze na lipi? Na tukishaumaliza, ni nini kitakachouzuia usiishie kabatini?

Afisa Maendeleo ya Jamii mstaafu, Masasi

Ndugu Mjumbe, haki mnayo. Ibara ya 146 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kuwa madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na sheria za mwaka 1982 zilizounda mamlaka za wilaya na za miji zimejengwa juu ya msingi huo. Aliyewaambia kuwa mipango ni ya halmashauri amesema nusu ya jambo. Ni kweli kuwa bajeti inapitishwa na Baraza la Madiwani, lakini yanayoingia katika bajeti hiyo yanatakiwa kuanzia kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, yapite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na ndani yake wamo wenyeviti wenu wa mitaa, ndipo yapande juu. Mtaa usiopeleka kitu hupangiwa na waliopeleka.

Wazee wenu nao wana hoja, na msiwapuuze. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi yetu imekuwa ikitumia njia ya uibuaji mipango inayoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, nami niliifanyia kazi kwa muda mrefu wa utumishi wangu. Ilikuwa na mazuri mengi, lakini mara nyingi iliishia kuzaa orodha ndefu ya maombi kwa serikali: zahanati, madarasa, kisima, lami, nyumba za walimu. Halmashauri ilipokea orodha kama hiyo kutoka kila kijiji na kila mtaa, na fedha iliyokuwepo ilitosha sehemu ndogo sana. Ndiyo maana baadaye njia hiyo iliboreshwa, na msisitizo ukawekwa kwenye jitihada ambazo jamii imeshazianza yenyewe, kisha serikali inaziunga mkono. Mimi naona badiliko hilo ndilo la maana kuliko yote, na nawasihi mlichukue kama msingi: mpango wenu uanze na yale ambayo mtayafanya hata kama hakuna senti itakayotoka nje ya mtaa.

Namna ya kuanza ni kutembea. Kabla ya mkutano wowote wa kukaa kwenye viti, kusanyeni kundi la watu wa rika na hali mbalimbali, mzee anayejua mtaa ulivyokuwa, mama muuza mihogo anayepita kila uchochoro, kijana wa bodaboda, mpangaji, mtu mwenye ulemavu, kisha mwuzunguke mtaa wote kutoka juu hadi chini mkiandika mnachokiona. Fanyeni mara mbili, mara ya pili mvua ikiwa inanyesha au imetoka kukatika, kwa sababu mtaa wa kiangazi na mtaa wa masika ni mitaa miwili tofauti. Baada ya hapo ndipo makundi yakae mbalimbali: wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Katika mtaa mmoja niliofanyia kazi, mkutano wa pamoja ulitaka barabara, na kila mtu alinyoosha mkono. Wanawake walipokaa peke yao chini ya mti, jambo la kwanza walilolitaja ni gogo lililolazwa juu ya korongo kwenye njia ya kuelekea bombani, ambalo watoto walikuwa wakivuka na ndoo kichwani. Hakuna mwanamume aliyekuwa amelitaja, kwa kuwa wanaume hawakuwa wakipita pale. Daraja dogo la zege lilijengwa kwa nguvu za wakazi kabla hata mpango haujaandikwa vizuri, na kuanzia siku hiyo watu walihudhuria mikutano bila kusukumwa.

Kuhusu muda, hapa kusini tuna tatizo letu ambalo vitabu vya miongozo havilitaji. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla yake. Kufikia mwisho wa mwaka wa kalenda mapendekezo ya mitaa na vijiji yanatakiwa yawe yameshafika kwenye kata, na mwanzoni mwa mwaka mpya halmashauri inakaa kuyapitisha. Sasa angalia: kuanzia Septemba hadi Desemba nusu ya watu wa Mtwara wako mashambani wanaokota korosho, na waliobaki mjini akili yao iko kwenye minada na malipo. Mtaa unakuwa mtupu wakati ule ule ambao sauti yake inahitajika. Kwa hiyo kazi ya kutembea, kukaa kwa makundi na kukubaliana vipaumbele ifanyeni kati ya Juni na Agosti, mkiangalia pia kalenda ya jando na unyago, ili Oktoba ikifika mwenyekiti aende kwenye kata na karatasi iliyokamilika mkononi. Mikutano iwe baada ya swala ya alasiri, na itangazwe misikitini na makanisani pia, kwa sababu tangazo la ubao wa ofisi ya mtaa husomwa na waliofika ofisini tu.

Mpangamiji, Lindi

Nakubaliana na mzee wangu hapo juu kwa mengi, ila kwa heshima naomba nitofautiane naye juu ya kipi kitangulie. Kwa mtaa alioueleza Mjumbe, jambo la kwanza ni ardhi. Mradi uliokosa fedha mwaka huu unaweza kuzipata mwaka kesho, lakini njia iliyojengewa ukuta na mkondo wa maji uliogeuzwa kiwanja havirudi ila kwa kubomoa, na kubomoa kuna fidia, kesi na uadui wa kizazi kizima. Kila mwezi unaopita bila ninyi kukubaliana njia zipite wapi, kuna mtu anamwaga msingi juu yake.

Tazameni mji wenu wenyewe. Mtwara mjini ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikitafuta bandari ya kusafirishia karanga za Nachingwea. Mradi wa karanga ulikufa baada ya miaka michache, na reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, hata ikabaki jina tu katika Kata ya Reli. Lakini barabara pana zilizochorwa wakati ule bado zipo, na leo zinapitisha malori ya korosho na saruji ambayo hakuna mchoraji wa wakati ule aliyeyafikiria. Nafasi iliyotengwa hudumu kuliko shughuli iliyotengewa. Walioipanga hawakuwauliza wenyeji, na hilo lilikuwa kosa kubwa. Ninyi mna nafasi ya kupanga mkiwa wenyewe ndio mnaoulizana, na natamani sana muitumie.

Upande wa sheria uko hivi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji kwa eneo lenu ni halmashauri ya manispaa. Yenyewe ndiyo inayosimamia mpango kabambe wa mji mzima, na chini yake kuna michoro ya kina ya maeneo, ile tunayoiita michoro ya mipango miji, ambayo huidhinishwa na wizara yenye dhamana ya ardhi. Mchoro ukishaidhinishwa ndipo upimaji na utoaji wa hati unaufuata. Sheria hiyo hiyo ina sehemu nzima inayohusu urasimishaji, yaani kuyatambua rasmi na kuyapanga makazi yaliyojengwa bila mpango, na hapo ndipo mtaa wenu unapoingia. Mtaa peke yake hauwezi kuidhinisha mchoro, lakini wakazi wanaweza kukubaliana wao kwa wao njia zipite wapi, mitaro ipite wapi na uwanja gani ubaki wazi, kisha wakapeleka makubaliano hayo idara ya ardhi na mipango miji na kuomba eneo lao lirasimishwe kwa kuyafuata. Mtaalamu anayepokea eneo ambalo wakazi wameshapatana ana kazi nyepesi sana kuliko anayeingia mahali ambapo kila nyumba ina ugomvi na jirani yake.

Anzeni na picha ya anga ya mtaa, ambayo siku hizi inapatikana kwa simu, ichapisheni kwa ukubwa na muibandike ofisini. Chorea kwa kalamu ya bluu mahali maji yanapopita, si mahali mnapotaka yapite, na kwa kalamu nyekundu njia ambazo watu wanazitumia sasa hivi. Mtashangaa jinsi rangi hizo mbili zinavyokwenda pamoja sehemu nyingi, kwa sababu maji na watu wote hutafuta mteremko ulio wazi. Kama mtaa wenu unafika ufukweni au kwenye ukingo wa mto, kumbukeni kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na mikoko yenyewe inalindwa. Mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya Mei 2024 zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Maji ya namna hiyo yakija mtaani kwenu hayataangalia hati ya mtu.

Tahadhari moja kabla sijamaliza: msikusanye fedha za upimaji na kuzikabidhi kwa kampuni kabla halmashauri haijaandika barua ya kuitambua kazi hiyo na kabla hamjajua mchoro uko hatua gani. Nimeona mitaa iliyochanga, ikawekewa vigingi vichache, kisha ikabaki ikizungushwa kwa miaka.

Mama wa Kilwa

Mimi ni mwanakijiji, si mkazi wa mtaa, na nimeona nichangie kwa sababu wengi huchanganya mambo haya mawili. Halmashauri ya kijiji ina nguvu ambazo mtaa hauna. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, inaweza kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya mwisho juu ya sera za kijiji. Kwa hiyo sisi tunapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi na kusema hapa ni makazi, hapa ni kilimo, hapa ni msitu, tunaweza kuufuatishia sheria ndogo yenye faini. Walioko kwenye vijiji vinavyokaribia kumezwa na mji waandae mipango yao sasa, kabla kijiji hakijavunjwa na kuwa mitaa.

La pili ni fedha. Hapa Kilwa vijiji vilivyotenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 vinauza mbao kwa utaratibu, na vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Ninachotaka mkione ni kinachotokea kwenye mkutano mkuu fedha ya msitu inaposomwa. Watu hawalali. Wanauliza gogo liliuzwa kwa bei gani, nani alilipima, kiasi gani kinakwenda kwenye doria na kiasi gani kinabaki cha kijiji, kwa sababu wanajua fedha hiyo ni yao na wao ndio watakaoamua inajenga nini. Mpango wenye kipato chake, hata kidogo, unaheshimiwa tofauti kabisa na mpango wa kuomba. Nanyi wa mjini mtafute chenu: soko dogo, choo cha kulipia, ukumbi wa mtaa, ukusanyaji wa taka, chochote ambacho mtakubaliana na halmashauri sehemu ya mapato yake irudi mtaani.

Mjumbe wa Mtaa, Mtwara

Nawashukuru sana. Nimeyasoma yote pamoja na mwenyekiti wetu, na tumeafikiana kuchapisha picha ya anga kabla ya jambo jingine. Yamebaki mambo ambayo yanatukwaza. Wapangaji ni wengi, na baadhi ya wenye nyumba wanasema mpangaji hana haki ya kuamua juu ya ardhi ya mtu. Pia kuna suala la michango: wapo wanaotaka kila kaya ilipe kiasi sawa, na wapo wajane na wazee ambao najua hawataweza. Na kubwa kuliko yote, kuna watu ambao kuta zao ziko juu ya njia, mmoja wao ni mtu mwenye uwezo na sauti. Tunawezaje kumkabili bila kuupasua mtaa?

Mzaliwa wa Mikindani, niko Uingereza

Ndugu zangu, nimeishi huku muda mrefu, na mjadala huu umenigusa kwa kuwa hapa England wakazi wanaandaa mipango ya namna hii kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011. Nitaeleza kwa ufupi, maana mazingira ni tofauti, ila kuna machache ya kujifunza. Palipo na halmashauri ya kijiji, hiyo ndiyo inayoandaa. Pasipokuwa nayo, wakazi wanaunda jukwaa lenye watu wasiopungua 21, na wanaohesabika ni wanaoishi pale, wanaofanya kazi pale, na madiwani wa eneo hilo. Mpangaji yumo na mwenye duka yumo, na hakuna anayeulizwa hati. Mpango unatakiwa uendane na sera kuu za mpango wa halmashauri, unapitiwa na mkaguzi huru, kisha unapigiwa kura ya maoni na wakazi. Ukipata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, halmashauri inalazimika kuutumia katika kuamua maombi ya ujenzi. Eneo la kwanza kupiga kura hiyo lilikuwa Upper Eden, kaskazini mwa England, Machi 2013.

Mawili yaliniingia akilini. Kwanza, mpango huo unahusu matumizi ya ardhi, yaani nini kijengwe wapi na kipi kisijengwe, wala si orodha ya miradi. Hapo namuunga mkono ndugu yetu wa Lindi. Pili, palipo na tozo ya miundombinu inayolipwa na waendelezaji, eneo lenye mpango uliopitishwa hupata asilimia 25 ya tozo iliyokusanywa pale, wakati eneo lisilo na mpango hupata asilimia 15. Watu wanaona faida ya kujipanga kwa macho. Natamani halmashauri zetu za kusini zifikirie motisha ya namna hiyo, kwa mfano kuutanguliza katika miradi ya mwaka mtaa ambao umeshakubaliana juu ya njia zake.

Afisa Maendeleo ya Jamii mstaafu, Masasi

Ndugu Mjumbe, kuhusu wapangaji jibu ni fupi: mkutano wa mtaa ni wa wakazi waliotimiza miaka 18, na mpangaji ni mkazi. Hawezi kugawa ardhi ya mtu, lakini ana haki ya kusema kuwa hapati pa kupita na maji yanaingia chumbani kwake, na mara nyingi yeye ndiye anayeishi kwenye chumba kilicho chini zaidi.

Michango msiifanye sawa kwa wote. Usawa wa namna hiyo ni dhuluma kwa mjane, na pia ndicho chanzo cha migambo kugonga milango na watu kuanza kuuchukia mpango wenyewe. Kubalianeni kwenye mkutano nani asamehewe, na majina yao yasisomwe hadharani. Mwenye nguvu atoe siku yake ya msaragambo, mwenye lori atoe tripu ya mchanga, fundi atoe ufundi, na kila kilichotolewa kiandikwe kwa thamani yake ya shilingi kwenye daftari la mtaa, kwa sababu siku mtakapokwenda halmashauri au mtakapoomba kwenye Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, daftari hilo litaonyesha mmeshaweka nini. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi. Mtu aliyeona mchango wake umeandikwa hahitaji kuhimizwa mara ya pili.

Kuhusu mwenye ukuta, msimwanze kwenye mkutano wa hadhara. Mtu akishatajwa mbele ya watu hulazimika kujitetea mbele ya watu hao hao. Wapelekeni kwake wazee wawili watatu anaowaheshimu, jioni, nyumbani kwake, wakiwa na ile picha ya anga iliyochorwa. Wamwonyeshe mkondo wote wa njia na majirani wote walioguswa, ili aone kuwa hajalengwa yeye, na wamuulize yeye angependekeza njia ipite wapi. Watu wengi wa namna hii, wakiulizwa badala ya kushtakiwa, huwa wa kwanza kurudisha ukuta nyuma. Naliheshimu pia wazo la ndugu yangu wa Lindi kuwa ardhi itangulie. Nimelitafakari na naona kwa mtaa huu ana haki, ila kazi moja ndogo inayoonekana kwa macho iende sambamba na mazungumzo ya njia, la sivyo watu watachoka na vikao.

Mpangamiji, Lindi

Namshukuru mzee, na hilo la kazi moja ndogo nalikubali kabisa. Kwa mtaa wao ningependekeza iwe kuzibua sehemu ya mkondo wa zamani ambayo bado haijajengewa, kwa kuwa hakuna anayepoteza kitu na masika ya kwanza tu yatatoa matokeo.

Niongeze namna ya kuyafanya makubaliano ya njia yawe na uzito, kwa sababu ahadi ya mdomo husahaulika kiwanja kinapouzwa. Kwa kila njia, wenye viwanja vya pande zote mbili wakutane na wajumbe wa kamati papo hapo njiani, wakubaliane upana, na kila mmoja ajue anatoa kiasi gani. Mkiweza, jitahidini mzigo ugawanywe pande zote mbili, usimwangukie mmoja. Upana usipungue ule ambao gari la majitaka na la zimamoto linaweza kupita, na mwulizeni mtaalamu wa manispaa kipimo kabla hamjaahidiana. Kisha mpige vigingi siku hiyo hiyo, huku wote wapo. Makubaliano yaandikwe kwenye fomu yenye majina ya wenye viwanja, upana uliokubaliwa, alama za kudumu zilizo karibu kama mwembe au kona ya nyumba, sahihi au dole gumba la kila mmoja, na sahihi ya mwenza wake pale ambapo kiwanja ni cha familia. Hili la mwenza msiliache, maana nimeona makubaliano mengi yakivunjika kwa sababu mama wa nyumba hakushirikishwa.

Fomu zote ziambatishwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa pamoja na orodha ya mahudhurio, zipigwe muhuri, na nakala ziende sehemu nne: ofisi ya mtaa, ofisi ya mtendaji wa kata, idara ya ardhi na mipango miji ya manispaa, na ofisi ya TARURA, kwa kuwa tangu mwaka 2017 wao ndio wenye barabara za mijini na vijijini, na njia wasiyoitambua kwenye mtandao wao ni vigumu kuitengea fedha. Katika kila ofisi ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kuanzia hapo, kila anayekuja ofisi ya mtaa kuandikishana mauzo ya kiwanja aonyeshwe kwanza ile picha iliyoko ukutani, na karatasi ya mauzo itaje njia inayopakana na kiwanja hicho. Hilo liko ndani ya uwezo wa kamati yenu leo, bila kibali cha mtu yeyote.

Kuhusu uwanja wa mpira, nendeni kwa familia hiyo wiki hii, msisubiri picha wala mkutano. Waulizeni kama wako tayari kusimamisha mauzo hadi manispaa ijibu barua ya kuuliza kama eneo hilo linaweza kubaki la wazi kwa kubadilishana kiwanja au kwa fidia, na barua hiyo iandikwe na mwenyekiti kupitia kwa mtendaji wa kata siku hiyo hiyo watakapokubali.